Maji ya Baridi na Kijana Aliyezaliwa Pwani

Baadhi ya familia zetu zenye vijana Uingereza zimezoea kupokea katika simu picha ya namna moja. Kijana ameketi juu ya chombo chembamba cha plastiki chenye rangi kali, kafi imelazwa mapajani, na mkononi ameinua samaki. Nyuma yake ni bahari ya kijivu ya Wales, Cornwall au Scotland. Nyumbani picha hiyo hupokewa kwa furaha, na hakosekani mzee wa kusema kwamba mtoto wa pwani ni wa pwani popote aendapo. Nasi hufurahi pamoja nao, kwani kijana anayemaliza juma la kazi kwa kuvua samaki amechagua burudani safi kuliko nyingi tunazozisikia. Ila tumejizoeza kuitazama picha hiyo kwa utaratibu wetu: kabla ya samaki, tunatazama mavazi. Tukiona fulana ya pamba na suruali ya jinzi, na jaketi la kujiokolea limefungwa nyuma ya kiti mithili ya mzigo, tunajua kwamba kuna jambo moja ambalo kijana huyo hajafundishwa, na ambalo bahari ya nyumbani haikuwa na sababu ya kumfundisha.

Jambo lenyewe ni kwamba bahari aliyokulia humshinda mtu kwa kumchosha, ilhali bahari anayovua sasa huanza na pumzi yake, tena katika dakika ya kwanza, hata awe muogeleaji hodari kiasi gani. Wazazi kadhaa wa msikiti wetu wametuuliza iwapo wamkataze mtoto wao mchezo huu. Tumeona ni heri kulieleza suala lenyewe kwa kirefu, kwa sababu katazo linalovuka bahari kwa simu aghalabu halifiki mbali, na kijana mwenye miaka ishirini na mitano hujibu "sawa mama" kisha Jumamosi huenda pwani kama kawaida.

Chombo hicho huitwa kayaki. Asili yake ni kwa Wainuit wa Greenland na nchi za kaskazini ya mbali, waliokiunda kwa mbao au mifupa na kukiwamba ngozi ya sili, wakavitumia vyombo hivyo kuwindia katika maji yenye barafu. Wawindaji wale walivaa vazi la ngozi lililofungwa kwa nguvu usoni, viganjani na kwenye tundu la kukalia, maji yasipate pa kuingilia. Na walijifunza kukipindua chombo na kukiinua tena bila ya kutoka ndani yake. Kwa maneno mengine, walioanzisha kayaki waliiunda pamoja na vazi lake na pamoja na ujuzi wa kujiokoa. Dukani leo kijana huuziwa chombo peke yake. Vyombo vya wavuvi wa siku hizi ni vya kukalia juu, si vya kuingia ndani; ni vipana, vina mahali pa kusimikia fimbo za kuvulia, na hutoa maji kwa matundu yake vyenyewe. Havipinduki kwa urahisi kama mtumbwi mwembamba, lakini havina ndubi za ngalawa za kuvishika, na wimbi la ubavuni au mvuvi aliyejiinamia upande mmoja kumvuta samaki mzito hutosha kuvipindua.

Sasa tuyatazame maji. Bahari ya Zanzibar, Tanga na Mombasa huwa kati ya nyuzijoto 25 na 30 takriban mwaka mzima. Bahari inayoizunguka Uingereza wastani wake ni kama nyuzijoto 12. Tena hupungua kutoka hapo, na kilele cha ubaridi wake hakiangukii Disemba kama mtu anavyoweza kudhani, bali Februari na Machi, kwa kuwa bahari huchelewa kupoa na huchelewa kupata joto. Hapa pana mtego ambao hata wenyeji hunaswa nao. Mwezi wa Mei jua huwaka, watu hutoka na watoto, hewa hufika nyuzijoto 20 na zaidi, na kijana aliyechoshwa na miezi sita ya giza huona kwamba joto limerudi. Chini ya chombo chake maji yangali na baridi ya majira yaliyopita. Wenye ujuzi wa mchezo huu husema kwamba mtu avae kwa kuyazingatia maji, asivae kwa kuizingatia hewa. Na kwa mtoto wa pwani yetu, ambaye hajapata kuona tofauti ya maana baina ya mambo hayo mawili, kanuni hiyo ni ngeni kabisa.

Aliyewahi kuoga alfajiri kwa maji ya ndoo huko Lushoto au Njombe, mwezi wa Julai, anaijua hali tunayotaka kuieleza. Kopo la kwanza likimwagika mgongoni, mtu huvuta pumzi kwa kishindo pasipo kukusudia, na kwa muda hawezi hata kuitikia akiitwa. Bafuni hilo ni jambo la kuchekesha. Lakini mtu akitumbukia mwili mzima katika maji ya nyuzijoto 10, na kichwa chake kikawa chini ya maji wakati pumzi ile inapovutwa, kinachoingia kifuani ni maji. Akinusurika na mvuto huo wa kwanza, pumzi zake hukimbia asiweze kuzizuia, moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda ghafla. Mwenye maradhi ya moyo anaweza kufa hapo hapo, kabla hata hajapiga mkono mmoja wa kuogelea.

Hali hii imechunguzwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Portsmouth, mji wa bandari ambao Wazanzibari wanaufahamu kwa sababu nyingine, kwani ndiko alikoishi Sultani Jamshid bin Abdullah kwa miongo mingi baada ya mapinduzi ya 1964. Profesa Mike Tipton wa chuo hicho ni miongoni mwa waliobainisha kwamba wengi wanaosemwa kuwa wameuawa na baridi hawakuishi muda wa kutosha miili yao ipoe. Kule Canada, Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba aliliweka somo hilo katika hesabu nyepesi ambayo hata mtoto huishika: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kuitawala pumzi. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii mtu, aweze kupanda chomboni, kufunga kamba au kubonyeza redio. Kisha saa 1, kwa kadirio, kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu mwili umepoa kupita kiasi.

Msomaji na aitafakari sehemu ya kati ya hesabu hiyo. Maji huupokonya mwili joto kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya ile ya hewa tulivu, na mwili, katika kujihami, huiondoa damu katika viungo vya nje na kuikusanya kifuani. Vidole huwa kama vijiti. Mtu anaiona kamba mbele yake na hawezi kuishika. Muogeleaji aliyezoea kuvuka mkondo nyumbani hukuta mikono yake inapiga maji bila ya kumsogeza, miguu inazama, mwili unasimama wima. Hapo ndipo ustadi wa kuogelea, ambao wazazi wetu waliuhesabu kuwa ndio kinga ya kwanza na ya mwisho, unapomwacha mwenyewe. Jaketi la kujiokolea lililovaliwa na kufungwa vizuri humweka juu ya maji wakati mikono imekwisha kukataa kazi. Lililofungwa nyuma ya kiti halina faida, maana hakuna aliyepata kulivaa kwa urahisi akiwa ndani ya maji ya baridi huku akihema.

Waingereza wenyewe walilipa thamani kubwa kujifunza haya. Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanane wa shule moja ya Plymouth, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo, waliondoka Lyme Regis, kusini ya Uingereza, kwa kayaki, wakielekea Charmouth, mwendo mfupi tu kando ya pwani. Hawakuwa wavuvi, lakini maji hayamuulizi mtu amekuja kwa shughuli gani. Mapema mwalimu alianza kupinduka, mkufunzi mmoja akabaki kumsaidia, na mkufunzi wa pili akawa na vijana wanane ambao upepo uliwasukuma kuelekea bahari kuu. Mawimbi yakajaza vyombo, vyombo vikazama kimoja baada ya kingine. Wakufunzi walikuwa na mafunzo ya awali tu. Hapakuwa na miali ya moto ya kuashiria hatari, na wasaa mrefu ulipita kabla walinzi wa pwani hawajaarifiwa. Vijana wanne walifariki. Kampuni iliyoendesha kituo ilitiwa hatiani mwaka 1994 kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kusimamia vituo vinavyowapeleka watoto katika michezo ya namna hiyo.

Tunapolisoma tukio hilo, linalotushangaza ni udogo wa kila kosa peke yake. Hapakuwa na dhoruba kubwa, wala safari ya mbali, wala ujeuri wa mtu. Palikuwa na mwezi wa Machi, upepo unaotoka nchi kavu, na watu ambao hawakuwa wamejizoeza kupinduka.

Kupinduka ndilo somo lenyewe. Kijana anayetaka kuvua kwa kayaki katika bahari ile anapaswa kupinduka kwa makusudi, mara nyingi, akiwa na mwalimu kando yake, kabla ya kupinduka kwa bahati mbaya. Huko yapo mafunzo: klabu za mahali huendesha madarasa, na chama cha wapiga kafi, Paddle UK, ambacho zamani kiliitwa British Canoeing, kina kozi za usalama na uokoaji. Mwanzo huwa katika bwawa la ndani lenye maji ya vuguvugu. Mwanafunzi hupindua chombo, hukigeuza kwa kuivuta kamba au ukingo wa upande wa mbali, kisha hujilaza juu ya maji nyuma ya mikono yake, hupiga miguu kwa nguvu na kujivuta hadi kifua kikae katikati ya chombo. Wakufunzi humkaririsha mpangilio wa maneno matatu: tumbo, makalio, miguu. Kwanza alale kwa tumbo, kisha ageuke aketi, ndipo aingize miguu. Wengi hukosea kwa kutaka kupanda kama mtu anavyopanda ukuta, wima, na chombo huwageukia tena kichwani. Anayeweza kufanya hivyo bwawani kwa sekunde 30 ahesabu kwamba baharini, na glavu mkononi na mawimbi yakimyumbisha, atahitaji muda zaidi ya huo. Na akumbuke kwamba dakika zake ni 10.

Baada ya bwawa ndipo huja maji ya baridi yenyewe, karibu na ufuko, na mtu wa kumwangalia. Uchunguzi umeonyesha kwamba kuzamishwa mara chache tu, tano au sita, kwa dakika chache kila mara, hupunguza mshtuko wa pumzi kwa kiasi kikubwa, na kwamba mwili huhifadhi mazoea hayo kwa miezi. Vile vile mwanafunzi hufundishwa kutofanya lolote katika dakika ya kwanza. Shirika la uokoaji la Royal National Lifeboat Institution, lililoasisiwa mwaka 1824 na ambalo wengi wa mabaharia wake ni wa kujitolea, limeeneza fundisho hili kwa umma kwa miaka kadhaa sasa: uliyeanguka, jilaze chali, kichwa nyuma, masikio majini, elea hadi pumzi itulie, kisha ndipo ufikiri. Anayevaa jaketi huelea bila taabu. Asiyevaa hulazimika kuogelea katika dakika ambayo hapaswi kuogelea.

Kuhusu mavazi, iko suti ya mpira mzito inayoruhusu maji kidogo kuingia na kupata joto la mwili, na iko suti isiyopitisha maji kabisa, yenye mipira inayobana shingoni na viganjani. Wavuvi wa majira ya baridi hupendelea hii ya pili, ingawa yenyewe haileti joto. Joto hutokana na nguo za sufu au za kitambaa kizito cha manyoya zinazovaliwa ndani yake. Pamba isivaliwe, kwa kuwa ikilowa hubaki na maji na kuunyonya mwili. Zipu ikaguliwe kabla ya kuingia majini, maana suti iliyoachwa wazi shubiri moja hujaa maji. Bei ya suti nzuri inaweza kulingana na bei ya chombo, na hapo ndipo hesabu za vijana wengi huharibika: hununua kayaki yenye kifaa cha kuonyesha samaki kwa umeme, kisha huingia nayo baharini wakiwa na fulana. Sisi tungemshauri anunue suti kwanza, hata ya mkono wa pili, kisha aazime chombo. Na kwa kuwa mabinti zetu nao wameanza kuuliza habari za mchezo huu, tuseme tu kwamba suti hiyo humsitiri mtu kutoka shingoni hadi miguuni na haimbani mwili. Ni nadra kupata michezo ya majini yenye vazi la namna hiyo.

Uvuvi nao unaongeza hatari zake juu ya zile za kayaki. Chombo kikipinduka, mishipi na ndoana hupinduka pamoja na mtu, kwa hiyo kisu kikae kwenye jaketi, mahali ambapo mkono wowote unakifikia. Kafi ifungwe kwa kamba, na chombo kisiachiliwe kamwe. Kayaki tupu husukumwa na upepo kuliko muogeleaji awezavyo kuifuata, na machoni mwa waokoaji ni kubwa kuliko kichwa cha mtu. Nanga isifungwe ubavuni. Ishikizwe kwenye omo au tezi, tena kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwa sababu mkondo ukikikuta chombo kimezuiliwa ubavuni hukilaza na kukizamisha.

Katika suala la mkondo, kijana wetu ana mtaji ambao Mwingereza wa mjini hana. Anajua bamvua na maji mafu tangu utotoni, na anajua kuutazama mwezi. Ila vipimo vimebadilika. Pwani yetu, bamvua hutofautisha maji kujaa na kupwa kwa kiasi cha mita 4. Katika mlango wa bahari wa Bristol, tofauti hiyo hufika karibu na mita 14, na maji yote hayo huingia na kutoka kwa muda ule ule wa saa sita. Mkondo wake hauna mfano kwetu. Upepo wa umande, utokao nchi kavu, nao hukumbukwa na wavuvi wetu kwa wema kwa kuwa huwatoa nje alfajiri wakijua kwamba mchana upepo wa baharini utawarudisha. Kule hakuna ahadi hiyo. Upepo wa nchi kavu hulainisha maji ya ufukweni yakawa kama kioo, humwalika mtu, kisha humsukuma nje, na unaweza kudumu siku nzima.

Tumesikia wazazi wakisema, baada ya maelezo kama haya, kwamba ajali haina kinga. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini neno hilo lina mahali pake, nalo ni baada ya mtu kufanya lililo katika uwezo wake. Anayelitamka dukani ili asinunue jaketi amelitumia vibaya. Kwa hiyo kwa mzazi anayetuuliza iwapo akataze, shauri letu ni amuulize mtoto maswali machache: umepinduka mara ngapi kwa kujizoeza, na ukapanda peke yako? Redio yako inakaa wapi? Akijibu kwamba inakaa ndani ya chombo, mzazi ajue kwamba mtu akitengana na chombo ametengana na redio. Ikae mwilini, na ajue kuomba msaada katika chaneli 16, au kwa simu iliyo ndani ya mfuko usiopitisha maji apige 999 na kuwataka walinzi wa pwani. Na anakwenda na nani? Akisema peke yake, basi asiende kabla ya Juni, na afadhali asiende kabisa hadi apate mwenzake.

Liko jambo moja tunaloomba litiliwe maanani hasa na akina mama na mabibi, kwa kuwa linapingana na desturi yetu ya huruma. Mtu aliyetolewa katika maji ya baridi asichuliwe. Mkono wetu kwa mgonjwa anayetetemeka hukimbilia chupa ya mafuta, lakini kusugua mikono na miguu iliyopoa, au kumsimamisha atembee, huweza kuirejesha damu baridi kifuani kwa ghafla na kuusimamisha moyo. Na wapo waliofariki baada ya kwisha kuokolewa. Alazwe, ainuliwe kwa upole akiwa amelala, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi na kichwa pia, akingwe na upepo. Asiingizwe katika maji ya moto. Akiwa na fahamu kamili na anaweza kumeza, chai tamu ya vuguvugu inafaa. Zamani mabaharia wa huko walinyweshwa pombe kali kwa kudhani kwamba inatia joto; madaktari wao wenyewe wameikataza, kwa kuwa huipanua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki.

Mwisho, suala la nani aachiwe habari. Mzazi aliye Tanga au Pemba huona ni haki yake kuwa ndiye anayeambiwa, "natoka sasa, nitarudi saa fulani," na kijana mwenye adabu humwambia. Amwambie, lakini hilo halitoshi. Namba 999 ikipigwa kutoka Tanga haiwafikii walinzi wa pwani wa Cornwall, na mama atahangaika na simu za jamaa huku dakika zikipita. Mtu wa kuachiwa habari awe kule kule nchi kavu: mwenzake wa nyumba, mkewe, jirani. Aandikiwe ufuko wa kutokea, upande wa kuelekea, rangi ya chombo na ya suti, na saa ya kurejea. Saa hiyo ikipita bila ya habari, apige simu mara moja, asione haya kwamba huenda kijana yu ufukweni anafunga chombo juu ya gari.